Mstari wa Loisi

Saa kumi na moja alfajiri Loisi huketi ukingoni mwa kitanda na kufungua vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anayefungua fundo la kamba iliyolowa. Kisha huushika mlango na kuunyoosha mgongo taratibu mpaka ukubali. Huvitia viganja kwenye maji ya moto, huzunguka uani, huzunguka tena. Ikifika saa tatu amekuwa mtu.

Mwaka mzima wa mwanzo alidhani ni baridi ya Juni. Hospitali ya mjini ikamwambia ni baridi yabisi: kinga ya mwili imekosea adui, inavishambulia viungo vya mwili wenyewe. "Ugonjwa huu hautoki, mama," daktari alisema, "lakini unafugika." Loisi, mtoto wa wenye ng'ombe, alilielewa neno hilo kuliko vidonge vyote alivyopewa. Kinachofugika, alijua, kuna siku huruka zizi.

Mwezi wa tano kiliruka. Ulikuwa wakati wa kupogoa zabibu katika shamba la kikundi chao huko Ihumwa, na mpogoaji aliyeaminika kuliko wote alikuwa yeye. Kukata mzabibu hakuna kusahihisha: ukiacha macho mengi ya kuchipua kwenye tawi utavuna majani, ukiacha machache umeutupa msimu. Siku tatu hakuonekana. Ya nne alifika jua likiwa limepanda.

"Mbukwenyi," aliwasalimu, akitoa kifundo cha mkono badala ya kiganja.

"Asubuhi mgonjwa, mchana mzima," alisema Erica, jirani yake. "Ugonjwa gani huo unaofuata jua?"

"Wangu unapumzika mchana, mwenzangu. Wako wa kusengenya haupumziki."

Walicheka, Erica naye akacheka. Lakini Optatus, mwenyekiti, alikuwa ameshamhurumia Loisi. "Mama Sila, mstari wako wa mizabibu tumempa Erica. Wewe kaa kivulini ufunge matawi yaliyokatwa."

Loisi alikaa. Huruma ya watu ni vigumu kuikataa mbele yao. Alifunga mafungu mpaka saa saba, na alipoitwa kula hakuweza kuinuka. Mgongo ulikuwa umeganda kama udongo wa kiangazi. Erica na Optatus walimnyanyua kwa makwapa, na safari hii hakuna aliyecheka.

Alisubiri mpaka miguu ikamshika. "Mwenyekiti, kukaa ndiko kunakonifunga. Kazi ndiyo inanifungua. Nirudishie mstari wangu. Nitaanza saa tatu, nitatoka nikimaliza."

"Na ukiharibu?"

"Nikiharibu, mzabibu utasema. Huo haumwonei mtu haya."

Optatus alimtazama Erica. Erica akautoa mkasi kiunoni, akampa Loisi. "Chukua mstari wako. Kuinama kwenyewe kumenishinda, na mimi mzima."

Nyumbani Loisi aliviringisha vipande vya mpira wa baiskeli kwenye mipini ya mkasi ili inenepe, kidole kisilazimike kukunjwa sana. Akaanza. Alikata kwa mikono miwili. Kila baada ya miti kumi aliweka mkasi chini akatembea mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Mwanzo waliomwona walidhani amepoteza kitu. Wenzake waliondoka saa tisa, yeye akabaki na upepo na milio ya mkasi. Siku moja alilia kidogo, mkono wa kulia ulipokataa, akaendelea na wa kushoto ukisaidiwa na goti. Siku ya tano mstari uliisha.

Wiki tatu baadaye machipukizi yalitoka. Mistari mingine ilichipua kwa madoadoa. Wa Loisi ulichipua wote kwa siku moja, kijani kimoja toka mwanzo hadi mwisho.

Optatus aliupita polepole, akihesabu. Alipofika kwa Loisi alinyoosha mkono, akakumbuka, akamshika kifundo kama yeye mwenyewe anavyosalimia.

"Msimu ujao wanaojifunza kupogoa wataanza nawe, Mama Sila."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Afadhali," alisema Erica. "Na mimi nitajifunza upya, nilale kidogo."

Kesho yake alfajiri vidole vilikuwa vimefunga tena. Loisi aliketi ukingoni mwa kitanda, akaanza na gumba.