Kidogo ya Mwenye Kuleta

Nakumbuka siku moja kule Miti, mwanangu, tulipopeleka kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, kwa wazazi wa mama yako. Mvua ya mawe ilikuwa imevunja migomba, tukapata kibuyu kimoja tu. Hata shati nililovaa lilikuwa la kuazima, lakini hiyo tuiache.

Papa yangu akakiweka chini, akasema kama desturi inavyotaka: «Tumeleta kidogo.» Hata ungeleta mapipa, unasema hivyo. Sasa tonton wa mama yako, ndugu ya baba yake, mutu wa mujini kule Cimpunda mwenye viatu vya kumeta, akachungulia ndani. Ulimi hauna mufupa.

«Kweli iko kidogo,» akasema. «Ni ya kunawa mikono?»

Vijana wakacheka. Papa akachukua kofia yake. Nikajua, akivuka ule mulango, sina muke.

Nyanya wa mama yako, mugongo umepinda lakini sauti imenyooka, akamwambia: «Papa, ikala kwanza, kaa chini.» Akaomba kikombe kimoja. Akamimina funda moja moja, akapitishia wote, hata wanawake wa jikoni, hata jirani aliyekuja kuomba moto. Wa mwisho akamupa yule tonton.

«Umekunywa?»

«Nimekunywa, maman.»

«Basi iko mingi. Kidogo ni neno la mwenye kuleta. Mwenye kupokea hana hilo neno.»

Tonton akaangalia viatu vyake. Papa akaweka kofia kwenye goti, na mama yako, nyuma ya mulango, nikamusikia anapumua.

Ndiyo maana juzi ulinifurahisha, uliporudi kutoka masomo yako ya Kiingereza hapa Nyalukemba. Ulinieleza kwamba nao wako na kidogo mbili: «a little», ya kusema kitu kiko, na «little» tupu, ya kulalamika kwamba hakitoshi. Miye shule niliiona mulangoni tu, lakini mutoto wangu ananifundisha. Nilitembea na hiyo sifa mutaa muzima. Na nikasema moyoni, huyu ni damu ya yule nyanya wa Miti.

Basi shika hili, mwanangu. Kutoa ni moyo, si utajiri. Ukileta, sema kidogo. Ukiletewa, sema iko mingi, hata kama unaona chini ya kikombe. Na Mungu akupe nyumba ambamo funda moja inazunguka watu wote, na mugeni haondoki na kofia mukononi.