Barua Aliyoichana Pilipili

Wakunga walikuwa saba katika wodi ile ya wazazi. Mwaka ulipogeuka walibaki watatu. Wanne wako ng'ambo, wanaogesha wazee wa watu. Wa kwanza kuondoka alikuwa mdogo wake Pilipili wa tumbo moja, ambaye Pilipili mwenyewe alimfundisha kazi. Tangu hapo Pilipili, mkuu wa wodi aliyepewa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake, hajapokea simu ya mdogo wake hata mara moja.

Asubuhi moja mkunga mdogo kuliko wote alimfuata kwenye chumba cha kuchemshia vyombo.

"Dada, naomba saini kwenye barua yangu ya sifa. Wameniita ng'ambo."

"Sifa gani? Za kukimbia?"

"Sikimbii, dada. Natafuta."

"Tafuta hapa! Unasomeshwa kwa jasho la maskini, ukishajua kuzalisha unawapelekea walioshiba. Halafu wanakuja na semina zao, eti watu wakihama umaskini unapungua. Umaskini wa nani? Wa hawa wanaolala wawili kitanda kimoja?"

Akaichana ile barua, akaitupa kwenye ndoo ya taka.

Siku zote yule binti alikuwa mpole kama maji ya mtungi. Siku hiyo mtungi ulipasuka.

"Mama yako anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Analipa nani? Wewe, kwa mshahara huu? Analipa yule usiyepokea simu yake. Umaskini wa kwenu umepungua, dada, ndiyo maana una ubavu wa kuchana barua za wenzako."

Hospitali nzima ilijua hilo, ila hakuna aliyewahi kuthubutu kulitamka. Pilipili aliinua mkono amzabe kofi, ukaishia hewani: mama wa kitanda cha tatu alipiga ukelele, na wa kitanda cha tano naye akaanza.

Waligawana bila kusemezana. Cha tatu, kwa binti, mtoto alilia. Cha tano, mtoto alikuwa amekaa vibaya na damu ikaanza kumwagika. Kazi ile ilitaka mikono minne, Pilipili alikuwa na miwili; binti alikuwa bado na mama wa cha tatu. Mkunga wa tatu alikuwa kwake amelala, hoi, baada ya zamu mbili mfululizo. Mama alipona. Mtoto hakulia.

Pilipili alinawa hadi viwikoni, akaenda mwenyewe mlangoni kumwambia bibi wa yule mtoto, maana hakukuwa na wa kumtuma.

Aliporudi alichukua karatasi, akaandika: mchapakazi, mwaminifu, hana papara. Akasaini, akagonga muhuri, akaisukuma mezani.

"Asante, dada."

"Koma! Sijakusamehe, wala yule mwenzako. Mngekuwepo wote, mtoto yule angelia. Ondoka nalo hilo. Na ukifika huko usinipigie."

Mwisho wa mwezi binti aliondoka.

Ijumaa, Pilipili akimsaidia mama yake kupanda kitanda cha kusafishiwa damu, bi mkubwa aliuliza, "Mdogo wako hajambo?"

"Sijui," akajibu, akaenda kusimama dirishani.