Nusu ya Wimbo wa Jumatano

Kwa wiki nyingi mtaa wetu mzima ulijua wimbo mmoja, tena nusu. Akina mama waliuimba bombani wakifua, vijana waliupiga mbinja wakinyoosha suruali zao kwa pasi ya makaa, na wote, bila kuambizana, walinyamaza penye neno lile lile, kana kwamba kuna mtu aliyebonyeza swichi. Na kweli alikuwepo aliyebonyeza. Alikuwa karani wa reli, jirani yetu mlango wa tatu, na katika safu yetu ya nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, ni yeye peke yake aliyekuwa na televisheni.

Televisheni hiyo ilikaa ndani ya kabati lenye milango miwili na kufuli. Karani alikuwa mtu wa Ukambani, na kabati lilitengenezwa na binamu yake, mchonga vinyago, ambaye hakuweza kujizuia. Kila mlango ulikuwa na twiga. Milango ikifungwa, twiga wale wawili walitazamana puani kama watu wanaodaiana maelezo. Ufunguo ulikaa kwenye mkanda wa karani, na kila Jumatano jioni, muda mfupi kabla ya taarifa ya habari, tuliusikia ukilia tukavua viatu mlangoni.

Kuketi kulikuwa na utaratibu wake. Kochi lilikuwa la mwenye nyumba na wanaume wa kazi za ofisini. Mabenchi yalikuwa ya wake zao na madereva. Watoto walikaa sakafuni, na waliobaki walisimama nje dirishani na kutazama kupitia vyuma. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, na kwa haki ningekuwa sakafuni, lakini nilikuwa na kigoda changu kando ya kabati, kwa sababu nilikuwa mtaalamu.

Utaalamu wangu ulikuwa wa bendi. Nilikuwa na daftari nililoandika kila wimbo uliopita katika televisheni: nyimbo za matangazo ya sabuni, nyimbo za michezo ya kuigiza, hata zile zilizopigwa picha ilipokatika tukabaki tukitazama chombo cha maua kisichosogea. Bendi nyingi mpya tulikutana nazo penye maua yale. Tatizo ni kwamba redio ilikutajia waimbaji, televisheni haikutaja. Ilikupa wimbo ikanyamaza. Basi asubuhi watu walikuja kuniuliza.

"Sasa, mtaalamu. Ile ngoma ya jana ni ya nani?"

Nilijibu bila kupepesa macho. Mbinu yangu haikuwa ngumu. Gitaa likiwa tamu, bendi ilikuwa ya Zaire. Tarumbeta zikizidi, ilikuwa ya Ghana. Wimbo ukiwa wa polepole na wenye mafunzo, ilikuwa ya Tanzania. Na wimbo ukiwa mbaya, nilisema ni wa kwetu. Katika miaka miwili hakuna mtu aliyenipinga hata mara moja, na kichwa changu kilivimba kwelikweli.

Wimbo wa Jumatano ulikuwa wa mchezo mmoja kuhusu baba wa mjini aliyemdanganya mkewe wiki baada ya wiki. Ulianza mwisho wa kila kipindi, pale mke alipomtupia sanduku lake nje. Beti mbili ziliimbwa, kisha majina ya waliotengeneza mchezo yakaanza kupanda kutoka chini, gitaa la solo likaingia, na hapo karani akasimama.

"Hadithi kwisha!"

Akabonyeza. Picha ikajikunja ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, na watoto wakaitazama nukta ile mpaka ikafa. Karani aliamini kwamba maandishi yanaharibu kioo. "Picha ya mtu inapita tu," alitueleza. "Herufi zinakwaruza." Sijui alikopata elimu hiyo, lakini alikuwa karani, na nani kati yetu angebishana na karani juu ya herufi? Kwa hiyo gitaa lile tulilisikia noti tatu tu. Juu ya noti hizo tatu nilijenga hukumu yangu, na hukumu ilikuwa Zaire.

Sipendi hadithi za kufichana, basi nitalisema sasa hivi. Mpiga gitaa yule alikuwa anasimama dirishani, nje, akishika vyuma.

Tulimwita Baba Pacha kwa sababu ya mapacha wake. Alitoka mkoa wa Magharibi, alisoma mita za maji za kanjo, na alikuwa mpole mpaka mbwa hawakumbwekea. Kila Jumamosi alibeba gunia begani akaelekea upande wa Huruma, na kurudi jua likizama. Mkewe, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, alikuwa ameshaamua kwamba gunia lile linapeleka unga kwenye nyumba ya pili. Alilisema hilo bombani, wazi. Mumewe alikuwa amemwapia kwamba ndani ya gunia mna gitaa, kwamba ana bendi, na kwamba bendi imerekodi wimbo wa televisheni. Hayo Mama Pacha hakuyataja kwetu. Aliyaona uongo wa kitoto usiofaa hata kurudiwa. Alimwambia mumewe neno moja tu: nionyeshe jina lako hapo kwa televisheni, la sivyo shule zikifungwa nachukua mapacha naenda kwetu. Nilikuja kuyajua haya baadaye. Wakati ule nililijua gunia tu.

Jumatano moja Baba Pacha akaja na mkewe. Mama Pacha alivaa kitambaa cheupe cha kwaya, akapewa pembe ya benchi. Mumewe alibaki dirishani. Mchezo ukaisha, beti mbili zikaimbwa, karani akasimama.

"Mzee, samahani," ikasema sauti ya dirishani. Tuligeuka sote, maana hatukuwa tumewahi kuisikia sauti hiyo humo. "Si uache kidogo tu, majina yapite?"

"Majina ya nani?" karani akauliza, kidole kikiwa juu ya kitufe. "Hadithi imeisha, bwana. Hayo ni majina ya wenyewe. Kwani yako iko hapo?"

Nyumba nzima ikacheka. Baba Pacha akafungua kinywa, na kabla hajasema lolote nikaingilia mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza.

"Hata yakipita hamuwezi yasoma," nikasema kutoka kwenye kigoda changu. "Hao ni watu wa Zaire. Hapa kwetu nani anaweza piga gita hivyo?"

Alinitazama. Hakukasirika, na ningependa sana kuandika kwamba alikasirika.

"Pengine," akasema.

Karani akabonyeza. Nukta ilipokufa, Mama Pacha alikuwa ameshasimama. Alikaza kitambaa chake, akatafuta viatu, akaenda bila kumngoja mumewe. Wiki iliyofuata dirishani hapakuwa na mtu wa kushika vyuma upande ule, na bombani tukasikia kwamba Mama Pacha ameanza kufunga mizigo.

Jumatano ya mwisho ya mchezo ule, karani alikuwa ametumwa na kazi Nakuru. Alimwachia mkewe ufunguo pamoja na masharti marefu. Mama wa watu akatufungulia twiga, tukaketi, tukatazama. Mke wa kwenye mchezo alikuwa ndiyo anatupa sanduku kwa mara ya mwisho, tukasikia harufu ya maharagwe yanayoungua. Mke wa karani akaruka kwenda jikoni.

Beti ya kwanza, beti ya pili. Majina yakaanza kupanda. Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugusa kitufe kile.

"Zimeni, itakwaruzika," akasema mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa kochini.

"Zima wewe," akajibiwa kutoka benchini.

Hakuzima. Gitaa likaingia, na safari hii halikukatwa. Noti zile tatu zilikuwa mlango tu. Ndani mlikuwa na nyumba nzima. Lilipanda, likashuka, likacheka, likarudi pale pale lilipoanzia kama mtu aliyesahau kofia. Nilisahau daftari langu. Yakapita majina ya waigizaji, ya wapiga picha, ya aliyeshona nguo, kisha yakaja ya wanamuziki, wanne. La pili lilikuwa na maneno matatu. Mawili niliyajua vizuri, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na kila mwezi ni mimi niliyenakili orodha ya zamu za kuosha bafu, na katika orodha ya kanjo Baba Pacha hakuitwa Baba Pacha. Neno la tatu sikuwa nimewahi kuliona.

Wenzangu waliyaona majina yale yale, wakapiga miayo. Kwao hilo lilikuwa jina la mtu fulani huko. Baba Pacha hakuwa na jina lingine.

Nilitoka mbio bila viatu. Nyumbani kwa Baba Pacha nilikuta mizigo miwili imefungwa kando ya ukuta, mama anakunja nguo za mapacha, na baba ameketi anatazama mikono yake.

"Mama, jina la Baba Pacha limepita! Kwa televisheni!"

Hakuacha kukunja. "Si ni wewe ulisema ni watu wa Zaire?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. "Nilidanganya, Mama. Sikuwa najua. Nilikuwa najisemea tu."

"Basi na leo unajisemea. Amekutuma."

Nikamtajia jina la kwanza. Nikamtajia la pili.

"Hayo yako kwa orodha ya bafu," akasema.

Nikataja la tatu. Mkono wake ukasimama juu ya kaptula ya mtoto. Baba naye akainua kichwa.

"Hilo umeambiwa na nani?"

"Nimelisoma kwa televisheni."

Jina hilo Baba Pacha alipewa na nyanyake, na hapa Nairobi hakuna aliyemwita hivyo. Mama Pacha alikuwa amelisikia kinywani mwa mama mkwe tu. Alimtazama mumewe kama mgeni aliyeketi nyumbani mwake bila kukaribishwa.

"Hiyo gunia iko wapi?" akauliza hatimaye.

"Nyuma ya makaa."

"Lete."

Baba Pacha akaketi kizingitini na gitaa jeusi kwa vumbi la makaa, akapiga. Beti ya kwanza, beti ya pili, kisha akapita pale mahali tunaponyamaza sote, akaendelea. Watu wakatoka kwa karani wakichanganya viatu, wakaja wakasimama. Nilimtazama mama. Alikuwa amefunga mikono kifuani, na sikuona ni wakati gani aliifungua.

Mwalimu akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Huyu anawaiga vizuri sana wale wa Zaire," akasema, na kochi zima likakubali. Kisha wakanigeukia mimi, mtaalamu, nithibitishe.

"Ni yeye mwenyewe," nikasema. "Ndiye amepiga ile ya televisheni."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Wakasema mtoto amenunuliwa soda. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena habari ya bendi, na kigoda changu akapewa mtoto wa mwalimu. Karani aliporudi kutoka Nakuru akaambiwa kwamba herufi zimepita zote hadi mwisho. Alikikagua kioo kwa tochi, akaona mkwaruzo.

Shule zikafungwa. Mapacha walibaki, tukacheza nao kati ya kamba za nguo. Asubuhi moja nilikuwa bombani na ndoo yangu, akina mama wakifua na kuimba ule wimbo wa Jumatano kama kawaida. Wakafika penye lile neno, wote wakanyamaza. Mama Pacha alikuwa amewapa mgongo, mikono ndani ya povu. Yeye hakunyamaza. Akaendelea peke yake, akilipiga lile gitaa kwa mdomo, noti kwa noti, mpaka mwisho.