Kikomo cha Pointi Mia Tano

Kazini walimwita Bwana Kufuli, kwa sababu seva, kompyuta kuu ya kampuni moja ya vipuri vya magari, ilikuwa mikononi mwake miaka tisa, na hakuna aliyeigusa bila kumwomba. Kazi alijifunza mwenyewe, kwa kufungua kompyuta mbovu za watu. Kilichomkaa rohoni ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale. Miezi minane tu, binti ameshatengeneza programu ya simu ya kutafutia vipuri, na mafundi wa gereji wameipenda hawasikii la mtu. Nyumbani nako mke alikuwa na wimbo mmoja: "Mdogo wangu ana kichwa, jamani."

Nafasi ya mkuu wa kitengo cha kompyuta ilikuwa wazi. Meneja angemtangaza mtu Ijumaa.

Jumatatu seva ilielemewa ikazima. Gereji moja kubwa ilikuwa imetuma ombi la kutaka matawi yote, ndani ya kila tawi vipuri vyote, ndani ya kila kipuri wauzaji wake wote. Maombi ya namna hiyo huzaana. Dawa yake Kufuli aliijua: kila kinachoombwa kipewe pointi, orodha iliyo ndani ya orodha pointi zake zizidishwe, na ombi likipita kikomo lirudishwe mlangoni kabla seva haijatoa jasho. Dawa halali kabisa. Ila kikomo alikipanga kwa jicho la husuda. Alipima maombi ya programu ya shemeji yake moja moja. Lile la ukurasa alioupenda meneja lilifika pointi mia tano na ishirini. Akaweka mia tano.

"Shemeji, umenibana," binti alimwambia kesho yake, kikombe cha chai mkononi.

"Si mimi, ni seva."

"Seva yenyewe inanijua kwa sura, eti?"

Kufika saa sita binti alikuwa amelikata ombi lake vipande viwili: kwanza majina ya vipuri, kisha maelezo ya kile tu alichokigusa fundi. Programu ikawa nyepesi kuliko mwanzo. Kufuli akajiona kama mtu aliyemnunulia mpinzani wake viatu vya kukimbilia.

Ijumaa, mbele ya kikao, meneja akafungua ripoti ya mwezi. Hiyo ilikuwa kazi ya Kufuli, fahari yake, ukurasa mmoja unaoita kila kitu kwa mpigo. Skrini ikajibu: ombi limekataliwa, pointi elfu tisa na mia nne. Alikuwa amepima maombi ya shemeji, ripoti yake mwenyewe akaisahau.

"Nani kaweka kikomo hiki?" meneja akauliza.

"Mimi."

"Na ufunguo unao?"

Watu wakacheka. Kukipandisha ilikuwa kazi ya dakika moja, lakini kingepanda kwa kila mtu, na balaa la Jumatatu lingerudi. Akamwinamia shemeji yake.

"Kunionyesha namna ya kuikata ripoti vipande, unataka nini?"

"Kikomo tukipange wawili, vipimo vyote mezani. Vyako kwanza."

"Ghali."

"Basi waambie ulivyoipata hiyo mia tano."

Kufuli akavuta kiti karibu naye.

Saa kumi likatangazwa jina la mkuu, na halikuwa lake, lilikuwa la shemeji yake. Jioni mkewe alipofungua mdomo, "Mdogo wangu...", akamkatiza.

"Ana kichwa, najua. Na aliyemleta pale ni nani?"