Siku Mashine Ilipozimwa

Mimi niliuawa Jumanne, saa nne asubuhi, kwa mdomo wa mdogo wangu wa tumbo moja. Kaa nikueleze, na usinikatize.

Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha karatasi miaka ishirini na sita. Wenzake walimwita Mzee Gonga, kwa sababu kazi yake ilikuwa kugonga. Karatasi ikitoka mashineni huviringishwa kuwa rola kubwa, kimo cha mtu mzima. Rola lililokazwa sawasawa ukiligonga kwa rungu linalia ti! Lililolegea linajibu bu, na hilo likifika kwa wachapa magazeti linachanika, mzigo wote unarudishwa. Basi yeye kutwa na rungu lake la mti mgumu, gonga hapa, gonga pale, lililolegea analitia chaki.

Masikio yakaanza kuondoka. Unashangaa nini? Mashine ile ilinguruma mpaka meno yanacheza, na wao walichopewa ni pamba. Niligundua nyumbani: namwita, kimya. Nikadhani ni jeuri, nikamnunia siku tatu, naye hata hakujua kama amenuniwa. Jamani, nilicheka, halafu nikalia.

Kazini hakuna aliyejua. Mle ndani mashine ikiwaka wote ni viziwi, watu wanaongea kwa mikono. Na rungu hakulisikia tena kwa sikio. Alilisikia kwa kifundo cha mkono, na kiganja cha pili amekiweka juu ya karatasi. Hakukosea hata siku moja. Wenzake wakicheka naye anacheka, ila anachelewa kidogo.

Tuliojua ni wawili, mimi na mdogo wangu. Huyo nilimwombea kazi mwenyewe, nikamsumbua mume wangu mpaka akamchukua na kumfundisha rungu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ile niliishona mimi.

Akaja mwekezaji. Loo, shangwe! Mashine ya pili, kubwa mara mbili, karatasi ya kuuza mpaka nje, ajira kila kona. Ajira zenyewe ndizo hizi: mashine mpya inajipimia marola yake, na ile ya zamani itabaki na mgongaji mmoja. Atakayebaki anabaki na nyumba ya kiwanda pia, vyumba viwili tulimolelea watoto wanne. Mwingine ashike njia.

Meneja akasema mume wangu na mdogo wangu watashindanishwa mbele ya wageni wa mwekezaji: marola sita, mawili yamelegea, wayaoneshe. Mdogo wangu akashauri kwa adabu zote, "Bosi, tuizime mashine, wageni wasipate taabu ya kelele." Meneja akamsifu kwa busara. Mimi nilikuwa palepale na sinia la chai, maana kibarua changu kilikuwa jikoni mwa kiwanda. Nikafikiri kijana anawaonea huruma wageni. Ujinga wangu!

Alianza yeye. Akapata moja, la pili akakosea. Akaingia mume wangu, taratibu, rungu mkono wa kulia, kiganja cha kushoto juu ya karatasi. Rola la pili akalitia chaki, na ndilo. Wageni wakatazamana, wameridhika. Alipofika la tano nikamwona mdogo wangu anasogea nyuma yake, hatua tatu hivi. Akasema kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikia:

"Shemeji, pole. Mkeo amefariki."

Vikombe vikagongana kwenye sinia. Mume wangu hakugeuka. Aligonga la tano, akalipita. Akagonga la sita, akatabasamu, akalitia chaki. Yote mawili aliyapata. Kisha akatugeukia aone kama tumefurahi.

"Hasikii, bosi," mdogo wangu akasema. "Miaka sasa. Mie nilikuwa namfichia tu, si unajua ni shemeji yangu."

Meneja akasema kiziwi hafai tena, gari la kunyanyulia mizigo likimjia kwa nyuma, nani atajibu? Mgeni mmoja akauliza kama kweli yule mke amefariki. Mdogo wangu akacheka. "Yule pale, na chai yako."

Nyumbani mume wangu alinikalisha mbele yake ili asome midomo yangu.

"Alisema nini yule?"

"Alikuita tu."

"Aliniitaje?"

"Shemeji."

"Ana watoto wadogo," akasema. "Usimnunie."

Tumepewa hadi mwisho wa mwezi. Jumapili nilikuwa nafunga vyombo kwenye maboksi, mume wangu ameupa mlango mgongo, anasugua rungu lake kwa msasa, sijui la kugonga nini. Nikasikia hodi.

"Dada! Fungua, sikai. Napima mlango tu, kitanda changu kisije kikakwama."

Nikasimama palepale, sahani mkononi. Maiti haiitikii hodi.

"Dada, nasikia vyombo, najua umo!"

Akabisha kwa ngumi mpaka komeo likacheza. Mume wangu akainua uso, akaona nilivyo.

"Kuna mtu?"

"Hakuna," nikamwambia, polepole, aisome vizuri. "Hakuna mtu."