Siku Niliyoliona Dogo Neno "Nakupenda"

Kuisimulia hii nasikia haya mpaka leo, maana bantu balikuja kufurahi na mi njo nilibaliza, tena nimevaa tai (ya kuazima, nyekundu, sikujua hata kuifunga, fundi mwenzangu alinifunga kama mutoto wa shule).

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, katikati ya miaka ya tisini, wengi wetu tunalala bado ndani ya hema. Mi ni mutu wa Fizi, kule Kongo, nilikuwa nashona nguo, na tulipendana na Odeta, binti wa Burundi, tuliimba kwaya moja. Kwao alibaki yeye na shangazi yake tu, mama Serafina, bengine bote baliuawa siku moja kule nyumbani. Pasta wetu akaenda kunisemea, shangazi akakubali: nije Jumapili kisha ibada, nisimame mbele ya bantu, niseme mwenyewe kilichonileta.

Sasa mi na akili yangu nikaliona neno "nakupenda" ni dogo. Kwetu kupenda ni kwa kila kitu, unapenda Mungu, unapenda bugali, unapenda mvua ikatike uanike nguo. Siku nilienda Lilongwe kununua uzi nikapitia Mtandire kwa Bosco, mutu wa kwetu aliyewahi kukaa Dar es Salaam, nikamuuliza bantu ba kule banasemaje. Akanitandikia maneno kama muuza vitenge: kutamani (hapana, Amri za Mungu zinakataza), kuhusudu (kwetu huo ni wivu, utaitwa mulozi), kuvutiwa (nikaona ng'ombe na kamba), kisha akaleta kuzimia. Akasema ni kumupenda mutu mpaka fahamu zinapotea, unaanguka chini. Nikasema njo hiyo, na njia yote ya kurudi, nimekaa juu ya magunia nyuma ya gari, nilikuwa naikariri.

Jumapili bantu balijaa pa hema ya shangazi, mabenchi ya kanisa yameletwa, chai imemiminwa. Nikasimama, nikasema, "Odeta, mi nakuzimia."

Bantu bananiangalia tu. Nikafikiri habakusikia, ao neno limebaingia sana. Shangazi ameshika kikombe, hanywi, hakiweki chini. Mutu wa akili angeketi hapo, lakini mi nikapandisha sauti, nikamugeukia shangazi, maana nilitaka ajue kwamba na yeye nampenda, nikasema, "Nakuzimia wewe na jamaa yako yote."

Mama mumoja akaanza kulia. Shangazi akainuka, akamukamata Odeta mukono, bakatoka bila viatu, bakapita katikati ya mahindi, na mi nimebaki nimesimama na tai yangu, natabasamu bado (uso ulichelewa kuelewa). Pasta, yeye anajua Kirundi, akanivuta pembeni, akanieleza polepole kwamba kwao kuzimya ni kuua moto, na jamaa iliyozima ni ile haikubakiwa hata na mutu mumoja.

Nikakaa chini, pale pale kwa vumbi.

Kesho yake pasta akanipeleka kuomba musamaha. Nilieleza yote, Bosco, Dar, kuanguka chini. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho bila hasira, na afadhali angekasirika. Akasema, "Nakuamini, mwanangu, haukuwa na ubaya. Lakini bale bantu balisimama pa mulango yetu, bakasema iyo neno, kisha bakafanya. Kila mara utaingia kwangu, nitaisikia."

Haikuchukua muda bakahamia Nathenje, kuuza nyanya sokoni. Odeta hakuweza kumuacha shangazi peke yake, na mi sikuwa na uso wa kumuomba amuache. Mara ya mwisho tulikutana pa bomba ya maji, anajaza ndoo, na mi ulimi wangu niliuogopa. Akajitwisha ndoo yake, akasema bila kuniangalia, "Ungesema tu unanipenda. Hiyo shangazi alikuwa anaijua."

Leo niko na muke na batoto, na muke wangu hunung'unika kwamba sina maneno matamu kama banaume ba bengine. Ni kweli, sina. Neno ambalo sikulisikia kwa mama yangu mimi siliweki tena mdomoni, hata unipe nini.