Vyumba Viwili vya Kwanza

Wajukuu wangu wanaona vyumba vya kupangisha vimejaa kwenye parsele yangu, kiwanja changu hapa mtaa wa Buyenzi, wanafikiri bibi yao alianzia kwenye mkopo wa benki. Nilianzia kwenye udongo. Mume wangu alikuwa amekufa, vita viko mjini, mandazi hayatoshi kulisha watoto. Nikasimamisha vyumba viwili nyuma ya nyumba. Udongo wa matofali niliukanyaga mwenyewe, na miguu hii hii.

Wapangaji hawakukosekana. Kila kabila lilikuwa linafukuza jingine mitaani, watu wanakimbia na godoro kichwani. Nikachagua kwa akili: chumba kimoja nikampa mwanamke mshonaji aliyefukuzwa mtaa wa Gihosha, cha pili seremala aliyechomewa nyumba mtaa wa Cibitoke. Makabila mawili, ua mmoja. Nikajisemea, kundi lolote likija litaona mtu wao ndani, halitaturushia grenadi, yale mabomu ya mkono. Nani alikuwa Mhutu, nani Mtutsi, sisemi. Damu yao niliiosha na ndoo moja.

Alasiri moja nakaanga mandazi uani, mlango wa bati ukaanguka kwa mateke. Vijana, mapanga, mmoja ana grenadi kiunoni.

"Mama, tupe ule seremala."

"Kwenu hamukufundishwa hodi? Apana! Ule ni mpangaji wangu."

"Basi utakufa naye."

"Nitakufa, lakini we utatangulia."

Mmoja mwenye panga akanijia. Nikammwagia mafuta yote ya karai. Ngozi ya mkono wake ikabanduka kama ganda la nyanya, akalia kama mbuzi wa Idi.

Hapo mshonaji akatoka, akasimama mbele ya mlango wa seremala. Vijana wale walikuwa wa kabila lake.

"Mutaniua mi, dada yenu?"

"Dada yetu hapiki jiko moja na nyoka," akasema yule mwenye grenadi. Akairusha, wakakimbia.

Ukuta wa mbele wa vyumba vyote viwili ulianguka. Seremala tulimchimbua na majirani chini ya matofali, mguu umevunjika, bado anapumua. Mshonaji tulimkusanya kwa shuka. Nilidhani mtu wao atakuwa ngao yangu. Kumbe ndiye waliyemchukia zaidi.

Seremala alimtengenezea jeneza akiwa amekaa chini, mguu wake umefungwa vipande vya mbao. Majirani wakaja kunishauri: "Mama, shika kabila moja tu, utapona."

Baada ya mazishi, mdogo wa kike wa yule mshonaji akasimama pale mlango wa chumba ulipokuwa, furushi mkononi. Anataka chumba cha dada yake.

"Mwanangu, dada yako amefia hapa. Hauogopi?"

"Naogopa kubaki kwetu, mama. Wale walimuua wanapita mbele ya nyumba, wananisalimia, wananiita dada."

Nikamwambia aweke furushi chini. Nikavua viatu, nikamwaga maji kwenye udongo, nikaanza kukanyaga. Naye akavua vyake.